Sofa la Kumpokea Afisa

"Mimi umaskini haunijui hata kwa sura! Tukikutana njiani, mimi napita zangu, nao unapita zake!"

Hayo aliyasema Spika kwenye mkutano wa mtaa, amesimama juu ya benchi, mkono kiunoni, baada ya wifi yake kumchokoza mbele ya watu kwamba kandambili zake moja ni ya bluu na nyingine ya kijani. Watu walipiga makofi mpaka benchi likatikisika. Kandambili zilibaki vilevile, moja ya bluu, nyingine ya kijani.

Jina la Spika alipewa kwa ajili ya sauti. Akimwita mwanawe aje kula, watoto wa mtaa wa tatu wananawa mikono. Kazi yake ni kulea watoto wa wenzake mchana, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji. Wafua nguo, wasusi na wauza matunda wanamwachia watoto alfajiri na kuwafuata jioni. Ndani mna mikeka, ndoo mbili, na bati lenye matundu ambayo Spika anayaita madirisha ya juu. Mzazi mwenye kitu analipa, asiye na kitu anasema "kesho", na Spika hajawahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kesho ya mama yake.

Lakini mwenye nyumba hali kesho. Kodi ilipolala sana alikuja na futi ya kupimia, akatangaza kwamba mwezi ukiisha anageuza chumba kuwa ukumbi wa kuonyeshea mpira.

"Watazamaji wa mpira angalau hawakojoi mkekani," alisema.

"Hujawaona timu yao ikifungwa," Spika akamjibu. Ila usiku hakulala.

Dawa ilikuwa moja tu: ruzuku ya serikali kwa vituo vinavyohudumia kaya zenye kipato cha chini. Maombi yalishapelekwa, na ikaja taarifa kwamba Alhamisi afisa angefika kujionea kituo na kuzungumza na wazazi. Basi Spika akawaita wazazi wote.

"Anakuja mgeni wa serikali," aliwaambia. "Msinitie aibu. Kila mtu avae nguo yake ya harusini. Na hizo habari zenu za shida, shida, mziache majumbani."

Hakuna hata mmoja aliyeona kasoro hapo. Mgeni ni mgeni. Wakafunga pazia la maua chini ya bati kuziba madirisha ya juu. Wifi, ambaye maneno yake makali lakini moyo wake haujambo, akatoa sofa lake la ngozi likiwa bado na nailoni ya dukani. Wanaume wanne walilibeba, na mmoja mpaka leo anatembea ameinama.

Afisa alikuwa msichana mdogo, viatu vimejaa vumbi, faili kwapani. Alipoketi, nailoni ilitoa sauti isiyo ya heshima. Watoto wakaangua kicheko, Spika akawakata kwa jicho.

"Mama, kituo ni kizuri sana," afisa alisema, akiangaza macho kwenye hereni, vilemba na viatu vya visigino. "Sasa nizungumze na wazazi. Dada, mumeo anafanya kazi gani?"

"Usafirishaji," akajibu msusi, shingo juu.

"Ana magari mangapi?"

"Moja tu kwa sasa."

Lilikuwa mkokoteni, tena wa kukodi.

"Na wewe, mama?"

"Mimi niko kwenye matunda," alisema muuza ndizi. "Hatujambo. Hatujalala njaa." Tumbo lake likanguruma kumpinga, naye akakohoa kulifunika.

Afisa akafunga faili taratibu. "Jamani, hongereni. Ila pesa hizi ni za kaya zenye kipato cha chini. Ninyi mko vizuri kuliko mimi. Nitaandika hivyohivyo nilivyoona."

Spika aliwatazama watoto waliojipanga mkekani, nyuso zimepakwa mafuta zinang'aa. Akamtazama wifi yake aliyesimama mlangoni na kanga mpya. Mbele ya mtu mwingine yeyote angesema ukweli haraka. Mbele ya wifi, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Sofa si letu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. Kisha akavuta pazia. Jua likaingia kwa matundu yote ya bati, likamdondokea afisa madoamadoa. "Na mimi, mwanangu, ni maskini. Maskini kabisa. Leo asubuhi nimekunywa chai ya rangi bila sukari, na majani yenyewe ni ya jana."

"Wewe una majani!" msusi akalipuka. "Mimi nachemsha maji na kuyatazama! Na gari la mume wangu ni mkokoteni!"

"Nyinyi mna milango!" akadakia muuza ndizi. "Mimi nafungia shuka! Tena shuka hilohilo usiku tunajifunika, mlango unabaki wazi!"

Hapo likawa shindano. Waliotoka nyumbani kushindana kwa vilemba sasa walishindana kwa mashimo ya sufuria, na Spika, asiyejua kushindwa, akarudisha sauti yake yote na kuwazidi kila mmoja kwa shida mbili zaidi. Afisa aliandika mpaka kalamu ikakauka, akaazima nyingine.

"Na mwenye sofa?" aliuliza.

Wifi aliinamisha kichwa. "La mkopo. Jumamosi wenye duka wanakuja kulichukua. Ndiyo maana sijatoa nailoni."

Spika akasogea pembeni kumpisha. "Njoo ukae, wifi. Kaa wakati bado lako."

Ruzuku ilipita. Kodi ikalipwa, bati likabadilishwa, mwenye nyumba akakunja futi yake. Asubuhi moja Spika alikwenda dukani kutafuta sabuni ya kufulia nguo za watoto, akasimama mbele ya kaunta, akauliza bei kwanza.

"Ala! Spika, siku hizi unauliza bei?" muuza duka akamtania, na wateja wakageuka.

"Nauliza. Mimi ni kaya yenye kipato cha chini, serikali imenithibitisha. Wewe nani amekuthibitisha? Sema bei."

Mche mmoja wa sabuni ulikuwa shilingi elfu tatu.