Mahindi ya Wifi Ndani ya Mifuko Yangu

Ulikuwa mwaka wa kula maboga. Asubuhi boga la kuchemsha, jioni boga na maharage, na mjukuu akilia njaa saa kumi anapewa mbegu za boga atafune. Mahindi yalikuwepo ghalani, lakini dumuzi walishayamaliza. Ukishika punje inavunjika, unabaki na vumbi mkononi. Hapa Endasak kila nyumba ilikuwa hivyo, hata yangu, na mimi sijawahi kuwa mvivu.

Mavuno yaliyofuata wakaja watu wa utafiti na mifuko ya kuhifadhia, ile ya tabaka tatu, ukiifunga vizuri mdudu anakosa hewa anakufa. Tukaitwa ofisi ya kijiji. Majina yetu yakatiwa kwenye ndoo, wakachomoa nusu. Langu likatoka, nikapata mifuko sita. La wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunayepakana naye kwa uzio wa minyaa, likabaki ndani ya ndoo.

"Na waliobaki?" nikauliza.

"Hao tutawalinganisha na ninyi, bibi," akasema binti aliyeshika kishikwambi. "Tuone kama mifuko inasaidia kweli."

Niliishia darasa la tatu, lakini hilo nililielewa. Hata mimi mbegu mpya ya maharage siiamini hivi hivi. Napanda mistari mitatu ya mpya, mitatu ya zamani, nangoja. Ila mstari wa maharage haunipigii hodi kuomba chumvi.

Mahindi yangu yakajaza mifuko minne. Miwili ikabaki mitupu, imekunjwa juu ya kabati, na wifi ana magunia mawili yanasubiri dumuzi. Sasa mtu mwenye akili afanye nini? Nilipopasuliwa tumbo hospitali ya Haydom, ni yeye aliyevuna shamba langu, akayabeba mahindi mgongoni mpaka ghalani kwake, maana ghala langu lilikuwa linavuja. Niliporudi hata punje haikuwa imepungua. Kwetu nafaka inakaa penye paa zuri. Nikayatia ya wifi kwenye mifuko yangu, nikafunga kamba mwenyewe kwa meno na mikono.

Mwezi wa kumi na moja binti akarudi na pikipiki. Akanipa shikamoo yake vizuri, akachota kopo la mahindi, akachekecha, akahesabu wadudu. Kwangu hakuna hata mmoja. Akavuka uzio kwenda kuchota kwa wifi. Wifi akamrudisha kwangu kwa mkono: "Yangu yako humo humo ulimotoka."

Binti akashika kichwa. "Bibi, umetuharibia! Huyu alitakiwa akae bila mfuko."

"Akae bila mfuko, mwezi wa pili ale nini? Kishikwambi?"

Kesho yake akaja na mkubwa wake, kwa gari. Mtu mpole, alikubali hata kukaa kwenye kigoda. Akasema mahindi ya wifi yatolewe, yarudi kwenye magunia yake ya kawaida, la sivyo jina langu linafutwa na mifuko ya msimu ujao sipati. Akaeleza kwamba bila kulinganisha hawatajua kama mifuko inafaa kugawiwa wilaya nzima. Alikuwa anasema kweli, na hicho ndicho kilichoniudhi. Angekuwa mwongo ningemtoa na fimbo.

"Mliniuliza nina kuku wangapi," nikamwambia. "Mkauliza choo changu kina mlango au hakina. Mbona hamkuuliza nani anaweka mahindi yake kwa nani?"

Akatazama chini. Mimi nikazidi kupandwa na hasira.

Wifi alikuwa mlangoni kwangu, amenyoosha goti lake bovu. "Yatoe tu, wifi," akasema. "Dumuzi nimeshawazoea. Wana mafuta."

Binti akacheka, akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Goti lile halimpeleki tena kwenye kibarua, na magunia yale mawili ndiyo chakula chake chote mpaka mavuno.

"Mahindi ya wifi yangu hayatoki," nikasema.

"Mama, fikiria mifuko ya mwakani," akasema yule mkubwa. "Sita mingine."

Nilifikiria. Sitadanganya, nilifikiria sana, mpaka ladha ya boga ikanirudia mdomoni. Kisha nikainuka, nikaenda kusimama mbele ya mifuko.

"Mahindi ya wifi yangu hayatoki."