Wanapendewa Nini

Noreen Threlfall alianza kutengeneza nywele za wanawake wa Morecambe kabla hajaolewa, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mteja zaidi ya afya yake, wajukuu wake na mvua ya jana. Ndiyo maana Bi. Hilda Cragg alishtuka, kichwa kimejaa roli za kukunjia nywele, aliposikia swali lile likimjia kutoka nyuma ya kiti.

"Bi. Hilda, hivi kwenye runinga wewe unampenda nani?"

"Nampenda kivipi? Wa kuolewa naye?"

"Wa kumpenda tu. Yule akitokea, unaacha kufuma."

Bi. Hilda alifikiri. Alikuwa mjane wa dereva wa basi, mwenye maoni juu ya kila kitu, lakini hili lilimtaka atulie kwanza.

"Barney Tuke," alisema. "Yule wa kipindi cha bustani."

"Kwa nini?"

"Magoti yake machafu."

Noreen alisimamisha kitana. "Magoti?"

"Wenzake wanakuonyesha maua kama wanauza nyumba. Barney anapiga magoti kwenye matope, akinyanyuka anashika kiuno, anasema 'ooh'. Kama Stanley wangu alivyokuwa akisema. Mtu anayesema 'ooh' hawezi kukudanganya."

Janine, msichana aliyemsaidia Noreen kuosha vichwa, alicheka kutoka kwenye sinki. Yeye alimpenda Leroy Stannard, mchezaji wa mpira. Noreen alipomuuliza kwa nini, Janine alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Si alikosa ile penalti! Nchi nzima ikalia. Halafu kesho yake asubuhi wakampiga picha anamtolea mama yake pipa la taka barabarani. Kavaa slipa za mama yake, Noreen. Za manyoya."

"Kwa hiyo mnampenda kwa sababu alikosa?"

"Angefunga tungemshangilia. Kumpenda ni kitu kingine."

Noreen aliendelea kuchana, lakini maneno hayo alipanda nayo jioni ile mpaka nyumbani kwake, ghorofani juu ya saluni.

Hakuwa anauliza kwa kujifurahisha. Binti yake, Bryony, alikuwa amechaguliwa kwenye mashindano ya kuoka ya runinga, yale ambayo nchi nzima huyatazama kuanzia majani yanapopukutika. Vipindi vilirekodiwa majira ya joto, ndani ya ghala la zamani la stesheni ya treni huko kusini, na washindani wote waliapishwa kufunga midomo. Bryony alirudi kwake Preston, akarudi kwenye kazi yake ya mapokezi kwa daktari wa meno, na hakusema lolote isipokuwa neno moja kwenye simu: "Mama, vikianza kuonyeshwa, usisome wanayoandika mtandaoni. Niahidi."

Noreen aliahidi. Tangu siku hiyo usingizi ukawa haba.

Alikuwa na sababu. Miaka michache nyuma, binti mmoja wa Lancaster, karibu kabisa na hapo, aliimba kwenye mashindano ya runinga. Aliimba vizuri. Lakini alilia kila wiki, na watu wakaamua kwamba analia kwa kujipendekeza. Wakamwigiza mashuleni, wakamwigiza kwenye baa, mpaka akahama. Mama yake alikuwa mteja wa Noreen, mtu wa kila Ijumaa. Siku moja hakuja, na hakuja tena. Noreen aliwahi kumwona mara moja tu kwenye foleni ya posta, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi, na chini ya kofia nywele hazikuwa zimeguswa na mtu kwa muda mrefu.

Na Bryony hakuwa mtu wa kulia. Bryony alikuwa mtu wa kuamrisha. Akiwa mdogo, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, aliwapanga wenzake mstari, akakagua mikono yao mmoja mmoja, akawarudisha bafuni wote waliokuwa na kucha chafu, na miongoni mwao alikuwa mwenye sherehe. Akina mama waliangaliana juu ya vikombe vyao. Mwaka uliofuata Bryony hakualikwa. Mtoto alisahau, Noreen hakusahau. Siku ya kumsindikiza stesheni kwenda kurekodi alimshika mabega, akamwambia, "Tabasamu. Sema asante. Wakikusifu, sema si kitu. Na tafadhali, mwanangu, usiwaamrishe watu."

Bryony alikuwa amemtazama tu. "Sawa, Mama."

Sasa lilibaki lile ambalo Noreen hakuweza tena kulibadilisha: kilichorekodiwa kimerekodiwa. Lakini aliona kwamba kama angejua watu wanapenda nini hasa, angejua pia la kutarajia. Kwa hiyo aliuliza. Aliuliza kwenye saluni, kwenye foleni ya bucha, kwa mwanamke aliyekaa naye kwenye benchi la ufukweni wakila chipsi zenye siki huku wakichunga ndege wasiwanyang'anye. Na kila jibu lilizidi kumchanganya.

Wengi walimtaja Philippa Orme, mwigizaji mzee mwenye sauti ya kifalme. Noreen alidhani wanampenda kwa uigizaji wake. La. Walimpenda kwa sababu nyigu alimuuma katikati ya mahojiano, na yule bibi wa heshima akatoa tusi ambalo hata wavuvi wa kamba wangelisikia wangeinamisha macho. Mwingine alimpenda msoma habari kwa kuwa tai yake huwa imepinda. "Naona kama nataka kumnyooshea," alisema yule mama, na uso wake ukawa mwekundu.

Kisha wakamtaja mwimbaji mmoja kijana, naye huyo hawakumtaka kabisa.

"Kosa lake nini?" Noreen aliuliza.

"Anajiona," alisema Bi. Hilda. "Aliulizwa kuhusu wimbo wake mpya, akasema ni mzuri."

"Kwani si mzuri?"

"Mzuri sana. Nimeucheza asubuhi nikipiga deki. Lakini si yeye wa kusema!"

Hapo Noreen alikiweka kitana chini. Maana Bryony ukimuuliza keki yake ikoje, na keki ikawa nzuri, atakwambia nzuri. Hajui jibu lingine.

"We Noreen," Janine alimtania, "unaandikisha watu kwa serikali? Wiki nzima unauliza nani anampenda nani. Mwishowe utajua siri zetu zote, utuuze."

"Nachunguza tu."

"Unaogopa," Bi. Hilda alimsahihisha, bila kugeuza kichwa. "Na siku yenyewe hutakaa peke yako ukitafuna kucha. Tutatazama hapa."

Hivyo jioni ya kipindi cha kwanza waliteremsha runinga ya Noreen kutoka ghorofani, wakaiweka kwenye kaunta katikati ya chupa za shampuu, wakavuta viti. Walikuja wateja watano sita, kila mmoja na biskuti zake. Birika halikupumzika. Bryony mwenyewe alikataa kuja, alisema atafika kesho yake, "kama bado mtataka nije." Noreen alikaa nyuma kabisa, taulo mapajani, kama anayesubiri mtu atoke chumba cha upasuaji.

Bryony alitokea. Alikuwa amebana nywele vizuri, hilo Noreen aliliona kwanza. Halafu akaliona tabasamu. Lilikuwa tabasamu la kukodi; lilikaa usoni kama kofia ya mtu mwingine. Jaji, mzee mmoja mwenye ndevu fupi, alionja mkate wake mdogo wa nyama, akafumba macho kwa utamu.

"Umefanyaje huu?"

"Aa, si kitu," alisema Bryony wa kwenye runinga. "Nimekorogakoroga tu."

Wateja waligeuka kumtazama Noreen. Mkate ule Bryony aliufanyia mazoezi miezi mizima. Noreen alikuwa amekula mingi mpaka akachoka.

"Mbona anaongea hivyo?" Bi. Hilda alinung'unika. "Huyo si Bryony."

"Anajishusha," alisema Noreen kwa sauti ndogo. "Si ndivyo mnavyopenda?"

"Anayejishusha ni mwenye haya. Huyo anaonekana kaambiwa ajishushe."

Noreen alilikunja taulo, akalikunjua.

Ikaja zamu ya keki. Miongoni mwa washindani alikuwapo mwanasheria wa kusini aitwaye Hugo, mtu mpole, mwenye aproni iliyopigwa pasi. Hugo alichanganya, alimwaga, akatumia kila bakuli lililokuwa mezani pake, na kila alichokitumia alikipeleka kwenye sinki ya wote, akakiacha hapo na kuondoka. Sinki ikajaa. Kamera ilimwonyesha Bryony akipita, akiiangalia sinki, akiangalia pembeni. Akapita tena. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini shavu moja lilianza kuruka.

"Usiseme," Noreen alinong'ona. "Usiseme, mwanangu. Pita."

Bryony hakupita.

"We Hugo!" Sauti ile Noreen aliifahamu, ndiyo ile ya kwenye sherehe ya jirani. "Hii sinki ni ya watu wote. Hivi vyombo ni vya nani?"

"Samahani sana," alisema Hugo. "Nilidhani kuna mtu wa..."

"Yupo. Ni wewe. Kunja mikono ya shati. Si hivyo, mpaka juu. Shika sponji."

Na mwanasheria akashika sponji. Bryony alisimama kando yake, mikono kiunoni, akimwelekeza: glasi kwanza, mafuta mwisho, maji ya moto, hapana, hayo ni vuguvugu. Nyuma yao washindani wengine walionekana wakikusanya vyombo vyao kimyakimya na kujipanga. Jaji mwenyewe, aliyekuwa akikatiza na kijiko kichafu mkononi, alisita, akakiangalia kijiko, akaingia kwenye foleni.

Katika yote hayo, keki ya Bryony ilikuwa ndani ya oveni, imesahauliwa.

"Imeungua pembeni," jaji alimwambia baadaye.

"Ndiyo. Nilikuwa naosha vyombo."

"Vyombo vya nani?"

"Vya Hugo."

"Na keki yenyewe unaionaje?"

Tabasamu la kukodi lilikuwa limekwisha. "Pembeni imeharibika. Katikati ni nzuri sana. Kata katikati."

Jaji akakata katikati.

Noreen alikuwa ameufunika uso wake kwa taulo. Alisikia kimya, akajua ndicho kile kimya cha akina mama juu ya vikombe. Akaiona tena akilini ile kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Kisha akasikia mlio wa ajabu, kama birika linaloanza kuchemka, naye akashusha taulo kidogo. Alikuwa Bi. Hilda. Alikuwa anacheka mpaka ameshika meno yake ya bandia yasidondoke.

"Kata katikati!" alipaza sauti. "Mnamsikia? 'Ni wewe. Shika sponji!' Ee Mungu wangu, miaka arobaini nimeishi na Stanley, hilo neno lilikuwa wapi?"

Wote walikuwa wanacheka, lakini Noreen alizikagua nyuso zao moja moja, kwa uangalifu, akitafuta ile sumu aliyoizoea kuiona walipomwigiza yule binti wa Lancaster. Hakuiona. Janine alikuwa ameshachomoa simu.

"Noreen, sikia wanavyoandika."

"Usisome! Tumeahidi."

"Uliahidi wewe, mimi sikuahidi kitu. Moja tu. 'Yeyote anayemjua huyu dada, amlete kwangu. Nina mume na nina sinki.'" Janine alitelezesha kidole kwenye skrini. "Mwingine huyu: 'Nimeinuka kuosha vyombo na wala hajaniambia mimi.'"

"Wabaya hawapo?"

"Wapo wawili watatu. Mmoja anasema ana mdomo. Wenzake wamemwambia akaoshe kikombe chake."

Bryony alikuwa amewekwa wa pili kutoka mwisho, lakini hakutolewa.

Kesho yake alifika saluni mchana, kola ya koti juu, akaingia kama mtu anayeingia mahakamani. Wateja walipiga makofi. Hakujua auweke wapi uso, basi akaitazama sakafu, na sakafuni akaona nywele hazijafagiwa, akachukua ufagio. Noreen alimfuata mpaka chumba cha nyuma.

"Ulisema nisisome kwa sababu uliogopa watakuchana?"

"Nilikuwa na uhakika watanichana. Uliniambia nisiamrishe, nikaamrisha." Bryony alifagia pale pale palipokwisha kufagiwa. "Nilijaribu, Mama. Mashavu yaliniuma siku nzima."

"Niliyaona." Noreen aliushika ufagio, ukasimama. "Kile nilichokwambia, usikifuate tena."

"Vipindi vyote vimesharekodiwa, Mama. Kwenye vilivyobaki sikukufuata."

"Una maana... uliamrisha mpaka mwisho?"

Bryony alifunga mdomo, kwa kuwa ameapishwa, lakini shavu lile moja liliruka.

Wiki zile za majani kupukutika, saluni haikuwahi kujaa vile. Alikuja hata yule mama wa sherehe ya zamani, akaketi, akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alisema mtoto yule ana kitu. Noreen alikipitisha kitana kichwani mwake kwa nguvu kidogo.

Naye aliendelea kuuliza, kwa kuwa bado hakuwa ameelewa. Mmoja alimpenda Bryony kwa kuwa hakuwa na woga. Mwingine alisema la, ni kwa kuwa alionekana ana woga na akasema hivyo hivyo. Bi. Hilda alisema anamkumbusha dada yake aliyegombana naye, na kwamba amempigia simu. Noreen aliyasikiliza yote na hakupata la kushika. Kitu kile kile kilichomnyima mtoto mwaliko ndicho kilichomfanya apendwe na watu asiowajua, na nani angemhakikishia kwamba mwakani hakitageuka tena? Usiku bado aliamka mara moja moja kuwaza hilo.

Lakini Jumamosi, Bryony alipokuja kumsaidia, wateja walikuwa na mchezo wao. Walikunywa chai, wakaviacha vikombe vimetapakaa kwenye madirisha na juu ya draya, kisha wakakaa wima, wakingoja.

"Hiki cha nani?" Bryony aliuliza, mkono kiunoni.

Bi. Hilda alinyoosha mkono juu kama mwanafunzi, roli zikitikisika, macho yanang'aa kwa furaha.

"Changu!"

"Inuka basi."

Noreen alikuwa kando ya kiti cha mwisho, anatazama. Kikombe chake mwenyewe kilikuwa kwenye rafu, chai imekauka chini. Kabla binti yake hajageuka, alikichukua, akakisuuza haraka kwenye sinki ya kuoshea vichwa, akakifuta na kukirudisha mahali pake.