Mgomba Si Mgumba

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara aliniwekea wembe mkononi akaniambia nikate ncha za mizizi ya mgomba. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kilosa. Nilikuwa nimeishia kidato cha nne, nikidhani nimeajiriwa kufagia. Nilipouliza kama hatuwezi kunywa chai kwanza, alinijibu bila kugeuka.

"Seli za mzizi zinagawanyika asubuhi, na kromosomu huonekana wakati huo tu. Wewe kunywa chai, halafu uje uhesabu giza."

Kromosomu ni nyuzi ndogo mno ndani ya seli, zinazobeba urithi wa mmea. Ili kuzihesabu tuliloweka ncha ya mzizi katika spiriti na asidi, tukailainisha, tukaitia rangi, kisha tukaikandamiza kwa kidole gumba kati ya vioo viwili na kuitazama kwa hadubini. Kingo za vioo tulizifunga kwa rangi ya kucha. Mkuu aliinunua mwenyewe sokoni, na mwenye duka aliamini hakuna mwanamke Kilosa nzima anayejipenda kama yeye.

Mengine niliyasoma mwenyewe jioni katika vitabu vya kituo, kamusi pembeni. Mimea mingi ina seti mbili za kromosomu, moja ya mama na moja ya baba, na inapotaka kuzaa huzigawa nusu kwa nusu. Mgomba mwitu wa Asia una ishirini na mbili, yaani seti mbili za kumi na moja, na ndizi zake zimejaa mbegu nyeusi ngumu kama changarawe. Migomba mingi tunayoilima ina thelathini na tatu. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa kwa mbili, kwa hiyo mbegu hazitungwi, na ndizi hubaki laini. Ndiyo maana inalika. Ndiyo maana pia kuiboresha ni kazi ya subira. Mara chache sana yai hubaki na zote thelathini na tatu. Likipata chavua yenye kumi na moja, huzaliwa mche wa arobaini na nne. Huo nao ukichavushwa na wa ishirini na mbili, unarudi kwenye thelathini na tatu, safari hii, Mungu akipenda, ukiwa na uwezo wa kustahimili ugonjwa wa majani.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Magole, chini ya Msimamizi wa Mashamba ya Majaribio, kwenye pamba. Pamba ina seti nne, na nne hugawanyika vizuri, kwa hiyo huzaa mbegu bila shida. Kazi yangu ilikuwa kuhasi maua, yaani kuondoa sehemu za kiume kabla ua halijafunguka, ili tulichavushe kwa chavua tunayoitaka. Mfugaji mmoja alikuwa akipita na ng'ombe wake, akasimama kunitazama na kibano changu. "Sisi tukihasi dume, linanenepa," alisema. "Hilo ua lako litafika kilo ngapi?"

Kisha nikarudishwa kwa Mkuu wa Maabara, wakati migomba mipya ilipokuwa tayari kujaribiwa mashambani. Tulichagua Vidunda, milimani, na shamba zuri kuliko yote lilikuwa la Sofia, mke wa Fidelis. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mumewe. Sofia alikuwa amepita miaka arobaini na hakujaliwa mtoto, lakini migomba ile aliipalilia na kuitandazia majani makavu kuliko mkulima yeyote niliyewahi kumwona.

Siku ya mkutano wa wakulima mtu aliuliza kwa nini migomba haizai mbegu. Mkuu alieleza habari ya seti tatu, kisha akitaka aeleweke haraka akasema, "Kwa ufupi, migomba hii ni migumba."

Mgumba, kwetu, ni mtu asiyezaa. Watu waliinamisha macho. Sofia aliokota jembe lake akaondoka.

Wiki iliyofuata Fidelis alitupigia simu. Mama yake, Bibi Theresia, alikuwa amewaita wanawe na kusema nao kwa Kividunda: mgumba amepewa migumba alee, basi shamba la ukoo litakufa. Ing'olewe, na shamba apewe mke wa mdogo wake Fidelis. Bila shamba lile, Sofia angebaki na nini pale nyumbani?

Tulipita kijiji cha Ulaya na mji wa Mikumi, hadubini mapajani mwangu, tukapanda mlima. Mkuu alimwamkia yule bibi shikamoo kwa kupiga goti, akaitikiwa marahaba kavu. "Mama, neno lile lilikuwa langu, na lilikuwa baya," alisema. "Nimekuja kulifuta." Kisha akamwomba chipukizi la mgomba wake wa zamani wa mzuzu, ule aliokuja nao alipoolewa. Tulikata mizizi yake tukaondoka nayo, chipukizi tukamwachia, na baada ya siku chache tulirudi na hadubini na kioo chenye ncha ya mzizi ule.

Nilikielekeza juani kioo cha mwanga cha hadubini. Bibi alitazama kwa jicho moja, muda mrefu.

"Hivi vijiti ni nini?"

"Ndivyo urithi wake, bibi," nilimjibu. "Thelathini na tatu, sawa na migomba ya Sofia."

"Mzuzu wa mama yangu nao?"

"Nao. Haujawahi kuzaa mbegu."

Alicheka kidogo puani. "Nyie watu wa vitabu. Mbegu si hii hapa?" Akalishika lile chipukizi, kwa kuwa huko mlimani mbegu ni chochote unachokipanda. "Nimelea watoto saba kwa mbegu hii, wewe unaniambia haina mbegu." Kisha akaita kuelekea jikoni, "Mwanangu! Niletee mbegu moja ya migomba yako, niipande hapa mlangoni."

Fidelis aliniambia baadaye kuwa hakuwahi kumsikia mama yake akimwita Sofia mwanangu.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, na sasa naishi Mikumi. Ninyi mnaoanza kazi hii mna mashine zinazohesabu kromosomu upesi kuliko sisi. Zitumieni, ila pimeni pia neno mtakalolipeleka kwa mkulima.

Nilipopanda Vidunda kuaga, Bibi Theresia alikuwa ameshafariki. Sofia alikuwa akichimbua machipukizi ya kuuza, na vijiji vitatu vilikuwa vimeagiza. Fidelis alinisimamisha kando ya shamba akaniambia kuwa mama yake, kabla ya kufa, aliwaita tena wanawe wote.

"Alisema shamba hili ni la Sofia, hata mimi mumewe nikitangulia kufa. Aliyezidisha mbegu ndiye mwenye shamba."

Sofia aliendelea kupunguza majani ya chipukizi, kana kwamba hajasikia.