Kiti cha Mbele

Juzi nilipita karibu na kijiwe cha bodaboda, kijana mmoja amechuchumaa anaziba pancha, na harufu ya solusheni ikanipiga puani. Wenzangu wakikutana na harufu ya utotoni hulainika, macho yakawalengalenga machozi. Mimi nilikasirika. Nilisimama pale na kikapu changu cha nyanya, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwonea wivu mwanamume mwenye ndevu nyeupe ambaye saa ile pengine alikuwa kwake anakunywa chai, hana habari. Mwanamume huyo ni mdogo wangu. Nimemwonea wivu tangu alipoanza kutembea, na msinihukumu mapema, hamjasikia bado.

Baba yetu alikuwa fundi baiskeli. Tulikaa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Sisi tulikuwa na chumba kimoja na kipande cha baraza, na hapo barazani ndipo alipofanyia kazi. Palikuwa na pampu, karai la maji ya kutafutia tundu, supana zilizopangwa juu ya gunia, na kopo la solusheni. Miaka ile ya foleni kila kitu kilikuwa adimu, na solusheni zaidi, kwa hiyo Baba aliichota kwa njiti ya kiberiti kama mtu anayeonja asali ya wenyewe. Tairi mpya tulizisikia tu. Watu walileta mipira ya ndani yenye viraka juu ya viraka, naye hakumcheka mtu, aliitumbukiza kwenye karai na kutazama mapovu yanatokea wapi.

Mama alifanya kazi kiwandani, alitoka alfajiri na kurudi jioni. Mimi nilikuwa darasa la pili. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye umri wake haujafika wa shule, alishinda na Baba kutwa nzima.

Jina lake Bakari, jina la babu mzaa baba, aliyefia Lindi kabla sisi hatujazaliwa. Lakini nyumbani jina hilo halikutamkwa. Baba hawezi kumwita mzazi wake kwa jina, na Mama ndiyo kabisa, atalitajaje jina la baba mkwe? Basi mtoto wa miaka minne, anayeshikilia kaptula kwa mkono isimdondoke, aliitwa Baba na baba yake, na Mama akamwita Mzee. Mimi hapa nitamwita Bakari, msije mkachanganyikiwa.

Na wala haikuwa jina tu. Asubuhi Baba alimkogesha uani kwa maji ya vuguvugu, anamuuliza kwa adabu, "Baba, maji yamekolea?" Uji wake aliupuliza mwenyewe. Siku adimu tulizochinja kuku, firigisi, ambayo ni haki ya mwenye nyumba, ilitoka kwenye sahani ya Baba ikaenda kwenye sahani ya Bakari, naye akaitafuna polepole huku ananitazama. Barazani alikuwa na kasha lake la kukalia kando ya karai. Baba akishapaka solusheni na kuipuliza ikauke, alimgeukia: "Baba, tubandike?" Bakari akishaitikia, kiraka kinawekwa, na kidole gumba chake ndicho kinachokikandamiza. Wateja walijifunza kusubiri kidole hicho. Hata wenye haraka zao, wenye mizigo ya kupeleka sokoni, walisimama kimya mpaka Bakari aridhike.

Shangazi yetu akija kutusalimia alipiga magoti mbele yake. "Shikamoo, baba." Naye kamasi zinamtiririka, akajibu, "Marahaba." Matokeo yake hakujua kuamkia mtu. Asubuhi moja balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mzito asiyependa mzaha, alipita barazani akamwambia, "Hujambo, kijana?" akajibiwa marahaba. Baraza zima liliangua kicheko na Baba akageuka pembeni kuficha furaha yake. Ningelifanya mimi hilo, ningefinywa na Mama mpaka nikome.

Sasa nikwambieni yangu. Mimi naitwa Somoe, jina la bibi mzaa mama, na Baba hakuwa akisema na mimi.

Sizidishi. Nitakuwa nimesimama hatua chache kutoka alipokaa, nikinusa jasho lake, naye atamwambia Bakari, "Baba, mwambie dada yako alete maji." Bakari atageuka, uso umekazwa kama karani, na kuniambia, "Lete maji." Nitaleta. "Mwambie asante." "Asante." Nikifika mkekani wakati anakula, alisogea. Hakunipakata. Hakunigombeza pia, hata siku niliyovunja chimni ya taa, na wenzangu waliokuwa wakichapwa na baba zao waliniona nina bahati. Mimi niliwaonea wivu hata wale waliochapwa. Kibaya zaidi ni barabarani. Nikitoka shule tukakutana yuko juu ya baiskeli, alishuka, akasimama kando, akainamisha macho kwenye gurudumu la mbele mpaka nipite. Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama baba yangu ananiogopa. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu niliona hiyo ina nafuu kuliko kusema hanipendi.

Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja. Kila Jumapili alasiri Baba alimpeleka Bakari Jangwani kutazama vijana wakicheza mpira. Alikuwa amemtengenezea kiti kidogo cha mbao, akakifunga kwenye bomba la mbele la baiskeli na kukizungushia tambara la khanga lisimuumize. Bakari alikaa hapo katikati ya mikono miwili ya Baba, kidevu cha Baba juu ya kichwa chake, na ile kengele ilikuwa mali yake. Nilisimama barazani nikaisikiliza inavyolia mpaka ikamezwa na kelele za mtaa. Wakirudi, Bakari alisimulia jinsi wanavyouteremka mteremko wa Jangwani, Baba ameachia breki na miguu ameitanua, upepo unawajaa mashati. Nilikuwa nikisafisha ile baiskeli kila Jumamosi, naipangusa spoku mojamoja kwa tambara lenye mafuta, kwa matumaini kwamba ataona. Aliona. "Baba, mwambie dada yako imetakata." Basi.

Masika ya mwaka mmoja yalipoanza kukatika na njia ya kusini ikapitika, Bibi Somoe akaja kutoka Lindi. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya shamba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuikanyaga nyumba yetu. Alipoingia barazani Baba alivua kofia, akasogea mpaka ukingoni, akachutama macho yakiwa chini.

"Baba," alimwambia Bakari, "muulize bibi yako safari ilikuwaje."

Bakari akageuka. "Safari ilikuwaje?"

"Mwambie nzuri, ila njia mbovu."

Nilipigwa na butwaa. Yale yalikuwa maisha yangu. Siku zote zile alizokaa kwetu, Baba alikula barazani peke yake, akimwona Bibi uani alirudi ndani, na kila neno lilipita kwa Bakari kwenda na kurudi. Nikakata shauri kwamba sasa nimejua: Baba ana chuki na jina letu, na jina sikulichagua mimi.

Nilimfuata Bibi uani akichambua mchele, nikamuuliza kwa nini Baba anatuchukia.

"Anatuchukia sisi nani?"

"Mimi na wewe."

Bibi aliuweka ungo chini. Akanieleza kwamba kwao kusini mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali sahani moja, hawasemeshani, mpaka mkwe alete zawadi ya kumfungua kinywa, na wengine hata baada ya hapo huona haya maisha yao yote. Baba alimuoa Mama hapa hapa mjini, harakaharaka, zawadi hiyo hakuwahi kuitoa. Vijana wengi siku hizi wanayapuuza hayo, alisema Bibi, lakini huyu ameyashika.

"Ananiheshimu," alisema. "Na wewe ni mimi. Nani anampakata mkwewe?"

Mnadhani nilifarijika? Nilimwambia Bibi kwamba sitaki kuwa yeye. Nilimwambia nataka kukaa kwenye kile kiti cha mbele, na nikalia mpaka nikakwamwa na kwikwi. Bibi hakuniambia ninyamaze. Aliokota ungo wake akaendelea kuchambua, lakini jioni nilimsikia akinong'ona na Mama kwa muda mrefu.

Siku chache baadaye habari ikaenea mtaani kwamba duka la ushirika limepata khanga. Baba alifunga kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaenda foleni na Bakari mabegani. Alirudi jua limepinda, shati limelowa, mkononi ana doti moja, kwa sababu kila mtu aliuziwa doti moja tu. Kesho yake akafunga tena kazi, akaenda tena. Wateja waliokuta baraza tupu waliacha baiskeli zao zimeegemea ukuta wakaondoka wakinung'unika. Sikuelewa doti mbili za nini, wakati mama mkwe ni mmoja.

Jioni hiyo, usiku haujaingia bado, Mama ametandika mkeka chumbani, Bibi amekaa na mimi kaniweka ubavuni kwake. Baba aliingia akipiga magoti tangu mlangoni. Aliweka doti ya kwanza mbele ya Bibi. Bibi akaishika, akasema amepokea, na kwamba mkwe wake sasa aseme naye. Kisha Baba akaweka doti ya pili mbele yangu, akarudi nyuma akasubiri, kichwa ameinamisha.

Ilikuwa na pindo jekundu na maua ya rangi ya manjano, na harufu kali ya kitu kipya. Bibi alinifinya pajani ili nipokee. Mimi niliitazama ile khanga, nikamtazama Bakari aliyekaa karibu na Baba kama kawaida yake.

"Sitaki khanga," nilisema. "Nataka kwenda Jangwani."

Mama alijiziba mdomo. Bakari, mwaminifu kwa kazi yake, akamgeukia Baba. "Dada anasema hataki khanga."

"Nimesikia, baba," alisema Baba. Halafu akanyanyua uso. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake yakiwa yamenielekea, na nilishangaa kuona yana woga. "Jumapili, mama," aliniambia mimi, mwenyewe, bila kumpitia mtu. "Tutakwenda wote."

Bibi alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Mimi nilikuwa nimeyangoja maneno ya namna hiyo siku nyingi sana, na yalipokuja nikaivuta ile khanga kwangu.

Jumapili ikafika. Nilijifunga ile khanga, kubwa kwangu mara mbili, na nilikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha mbao. Bakari alikuwa ameshakaa. Mimi Baba alinitandikia gunia nyuma, kwenye keria, akaniinamia kidogo kunionyesha pa kuweka miguu, nikakaa upande kama mama wa watu. Tukaondoka. Mbele yangu sikuona kitu isipokuwa mgongo wa Baba, shati lake la kaki lenye kiraka begani na harufu ya solusheni. Bakari alipiga kengele njia nzima.

Tulipofika kwenye mteremko nilifumba macho kuungoja upepo. Haukuja. Baba alishuka. Chini kule bado kulikuwa na matope ya masika na madimbwi, naye akaikamata baiskeli kwa mikono miwili, akaisukuma taratibu, viatu vyake vinazama, kila penye shimo anasimama na kulizunguka. Vijana wa bondeni walimwona fundi amembeba mtoto wa kike kama bibi harusi wakampigia miluzi. Aliendelea kusukuma. Bakari alilalamika kwamba hatuendi mbio, Baba akamwambia, "Leo tuna mgeni, baba." Nililia kimya kimya mpaka tukafika kwenye mpira, na mpira wenyewe sikuuona. Wengine wanateremka na upepo, mimi nimesukumwa kama gunia la mkaa.

Nimeolewa mara mbili. Hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kushuka chini kwa ajili yangu akaingia kwenye matope huku watu wanamcheka. Hakuna aliyekwenda foleni siku ya pili. Mambo haya niliyajua nikiwa mtu mzima, nikipangusa meza ya mume asiyeinua hata kichwa nikipita, na hapo ndipo nilipomwona Baba kando ya barabara ya shuleni, ameshuka baiskeli yake, anamngoja mtoto wa darasa la pili apite. Mji mzima ule, kwa miaka ile, sidhani kama kulikuwa na msichana mdogo aliyepewa heshima kama yangu. Ile khanga niliolewa nayo, na imebaki sandukuni, imechakaa, pindo lake limekuwa la waridi.

Baba alishafariki. Kile kiti cha mbao anacho Bakari, kimetundikwa ukumbini kwake, na nikienda kumtembelea huwa najitahidi nisikitazame. Nimeelewa nilichopewa, na nashukuru. Lakini hata leo mkiniwekea mkekani ile khanga na kile kiti, mkaniambia nichague kimoja, mkono wangu naujua utakapokwenda.