Sauti Chini ya Kidole

Dijei wetu wa Mbalizi hupuliza ncha za vidole vyake kabla ya kuanza, kama mtu aliyeshika kiazi cha moto. Kimashine chake ni kidogo kama Biblia, kina vitufe kumi na sita vya mpira, na kila kitufe kimebeba sauti aliyoirekodi mtaani kwa simu: mchi kinuni, ng'ombe wa Usangu, kengele ya kanisa. Akipiga hutazama vitufe tu, bila kututazama sisi.

Kwenye sendofu ya Jackline, binti wa mtaani kwetu aliyekuwa akiagwa kwenda kuolewa, alibonyeza kitufe kipya. Sauti ya mwanamke ikapanda juu ya mdundo, ikakatika, ikapanda tena. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele.

"Rudia hiyo, dijei!" nilipiga kelele mimi. Akarudia.

Mama Sifaeli, aliyekuwa akipakua wali, akaweka upawa chini, akamsogelea.

"Mwanangu, hapo nilikuwa namlilia Sifaeli. Siku ile tunamzika."

Muziki ukazimika. Dijei akafunika vitufe vyote kwa viganja.

"Nilisikia mdundo tu, mama," alinong'ona. "Nisamehe."

Mimi mikono yangu ilikuwa bado juu, na sikujua niishusheje.