Hema Juu ya Kiwanja cha Ulezi cha Mama Kandida

Jamani, hii habari nilishaapa sitaisimulia kwa mtu, lakini kwa kuwa ile video imeshafika mpaka kwenye grupu la kwaya ya parokia, na jana kuna mteja kaniletea simu yenye kioo kilichopasuka na badala ya kunieleza tatizo akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, basi bora niseme mwenyewe. Ndiyo, yule jamaa mwenye suruali ya kulalia yenye picha za vidubu, mikono yote miwili imezama kwenye ndoo ya mavi ya ng'ombe, ni mimi. Nimekubali. Chekeni mmalize, halafu mnisikilize.

Mimi ni fundi simu hapa Sumbawanga mjini, na nina mchumba anaitwa Eda, mwalimu wa chekechea, mtoto wa Kirando kule ziwani. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli nyumbani kwao ni kaka yake mkubwa, Joakim, mtu wa boti na dagaa, mpole, anaongea taratibu, na macho yake yakikutazama unajikuta unakumbuka dhambi zako zote tangu komunyo ya kwanza. Barua ya posa tulishaipeleka. Badala ya kujibu kama watu wengine wanavyojibu, akanipigia simu: "Barua nimeisoma, imeandikwa vizuri, lakini mtu hasomwi kwenye karatasi. Sisi huku mtu tunamjua tukishakaa naye kambini. Nitakuja huko kwenu, utafute mahali porini, tukae siku moja mimi na wewe, nikujue."

Hapo mtu mwenye akili angesema, sawa kaka, ila mimi pori silijui, ngoja niulize. Mimi? Nikajibu, "Niachie mimi, shemeji! Mimi ni Mfipa wa damu, hiyo milima naijua nje ndani." (Ukweli ni kwamba nimezaliwa hapa hapa mjini, marehemu baba alikuwa dereva wa lori, milima naiona dirishani nikipiga mswaki, na Kifipa changu kinaishia kwenye "njoo ule" na matusi mawili.)

Nikaulizia, nikaambiwa yupo Mzee Sebastian, ana eneo lake huko juu kwenye vilima vya Mbizi, msitu wa asili, amesafisha mahali katikati ya miti, kuna kijito, kuna kibanda cha nyasi na choo, vijana wa mjini huenda kupiga mahema na kupiga picha. Nikampigia. Mzee wa watu akanielekeza vizuri kabisa: ukifika msitu unapoanzia, shuka kushoto, utaona kibanda, weka hema hapo, usiweke kwingine kokote. Akarudia, "Kijana, kwingine kokote usiweke, umenisikia?" Nikasema nimesikia. Akasema yeye yuko msibani Mollo, atarudi kesho yake. Sasa niambieni, hapo kuna kitu gani kigumu?

Tukafika saa kumi jioni, Joakim na begi lake dogo, mimi na hema la kuazima mgongoni, pumzi imekata kwa kile kilima. Nikashuka kushoto peke yangu kwenda kukagua. Kweli kibanda kipo. Lakini jamani, pale mahali palinivunja moyo. Giza, unyevunyevu, kibanda kimeinama upande mmoja, mlango wa choo ni gunia, mtandao hakuna hata mstari mmoja. Nikamfikiria Joakim ameketi pale akisema moyoni, huyu ndiye anayetaka kumlea dada yangu. Nikarudi juu nimekasirika, na ndipo nilipoinua macho nikaona, pale mgongoni mwa kilima, mahali peupe, pa mviringo, pamesawazishwa, pamefagiliwa hata jani hakuna, na ukisimama pale unaliona bonde lote la Rukwa mpaka ziwa linavyometameta. Na mtandao unashika!

Shetani akanipitia. Nikasema, "Shemeji, kambi yetu hii hapa."

Joakim akazunguka kidogo, akagonga chini kwa kisigino. "Mwenye eneo amesema tuweke hapa?"

"Hapa hapa, shemeji."

"Mbona kama pamesiribwa?"

"Aa, ni udongo wa huku tu, ukipigwa na jua unakuwa hivyo."

Akainama, akanusa. "Na harufu hii ya mavi ya ng'ombe?"

"Ng'ombe si wanapita, shemeji. Malisho haya."

Yaani majibu yalikuwa yanatoka yenyewe, mimi mwenyewe nashangaa yanatoka wapi. Joakim hakubisha, maana ziwani wanaanika dagaa, hawapuri ulezi, angejulia wapi? Nikachukua jiwe nikaanza kupigilia vigingi vya hema. Ardhi ngumu kama sakafu, kila kigingi kikiingia pande kubwa la udongo linabanduka, nami nazidi kupiga. Kisha nikachukua panga nikachimba shimo la moto katikati kabisa, shimo la kuingia sufuria kubwa, nikalundika kuni, moto ukawaka vizuri, tukachoma nyama, nikamwonyesha Joakim vilima na kumtajia majina yake. (Majina mengine niliyatunga.)

Usiku siusemi sana. Ni Julai, na mnaijua baridi ya Ufipa ya Julai, sasa mchukue mtu wa Kirando aliyezoea joto la ziwani mkamlaze juu ya kilima kwenye upepo. Alivaa nguo zote alizokuja nazo, soksi akavaa mikononi. Kule chini kwenye miti kusingekuwa na upepo, ndiyo, najua, msiniambie.

Asubuhi nikaamshwa na nyimbo. Sauti za akina mama, zinapanda kilima, zinakaribia. Joakim alikuwa ameshatoka nje, anauliza, "Shemeji, hao ni akina nani?"

Nikajibu kutoka ndani ya hema, "Akina mama hao, wanakwenda kanisani."

"Jumamosi?"

Nikatoka. Wanakuja akina mama kama kumi hivi, vikapu vimejaa masuke ya ulezi kichwani, fimbo mkononi, na mbele yao mama mmoja mfupi, kanga kaifunga kiunoni barabara. Walipofika ukingoni mwa lile duara, wimbo ukakatika. Yule mama akatua kikapu chake. Akalitazama hema, akavitazama vigingi, akaja mpaka katikati, akalitazama shimo langu na majivu yake. Nami nimesimama na vidubu vyangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mnamzika nani hapa?"

Hakuna aliyecheka. Akaanza kusema kwa Kifipa, maneno marefu, mkono unaonyesha shimo, unanionyesha mimi, unaonyesha mbinguni. Joakim akanigeukia mimi, Mfipa wa damu. "Anasemaje?"

"Anatukaribisha," nikasema.

Yule mama akageukia Kiswahili, kwa upole kabisa. "Nimesema wewe ni mjinga."

Basi ndipo tukaelezwa. Pale ni kiwanja cha kupuria ulezi cha Mama Kandida, ndiye huyo mwenyewe. Yeye na binti zake walikuwa wamebeba maji kijitoni na mavi mabichi zizini kwa siku tatu, wakakisiriba, wakakiacha kikauke mpaka kikawa safi, ili punje isipotee na mchanga usiingie kwenye unga. Leo ndiyo siku aliyowaita majirani wamsaidie kupura, pombe alishawapikia, na Jumatatu majirani wanakwenda kupura kwa mwingine. Ulezi wake wa mwaka mzima umesimama juu ya shimo langu la kuchomea nyama. Mimi nilimtazama yule mama nikatamani ardhi ipasuke inimeze, ila ilikuwa imeshapasuka vya kutosha, na mpasuaji ni mimi.

Hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningesema, mama, nimekosa, sikujua. Maneno matatu tu! Mama Kandida akauliza, "Nani kawaambia mlale kwenye kiwanja changu?" Na mimi, huku Joakim ananitazama, nikasema, "Mzee Sebastian."

Wale akina mama wakatazamana. Mmoja akasema, "Sebastian? Si ndiye aliyetuazima jembe la kusawazishia hapa?" Mama Kandida hakubishana na mtu. Akafungua pindo la kanga, akatoa simu, akapiga, akaweka spika (na mtandao si unashika pale, ndio niliousifia!). Sauti ya mzee ikatoka, imechoka na matanga: "Nani? Yule kijana fundi simu? Mimi nilimwambia ashuke kushoto kwenye kibanda. Nikamwambia kwingine kokote asiweke. Nikarudia mara mbili, mama, mara mbili!"

Tangu dakika hiyo Joakim hakuniita shemeji tena, akawa ananiita "bwana."

Nikajaribu kusema nitalipa. Mama Kandida akaniuliza, "Nitapuria ulezi juu ya noti?" Joakim akanipita kama nguzo, akapiga goti mbele ya yule mama, akasema, "Mama, samahani sana. Mimi ni mgeni, natoka Kirando, kazi hii siijui. Tufundishe tunatengenezaje, tutengeneze." Akakunja suruali, akavua viatu. Jamani, sura ya yule mama ilivyolainika! "Wewe umelelewa," akamwambia. Mimi akanipa ndoo.

Kutoka zizini mpaka juu ni mwinuko mtupu, na mavi mabichi ni mazito kuliko mnavyofikiri. Nilipanda na kushuka, nikachanganya kwa mikono, nikaziba shimo, nikasiriba, nikikosea Mama Kandida ananibandulia na kuniambia nianze upya, huku Joakim anasiriba upande wake taratibu, akina mama wanamwimbia. Kubadilisha nguo hakuna aliyeniruhusu. Ndipo binti mmoja akainua simu, akaita, "Fundi! Fundi, hebu tazama huku!" Nikageuka kutazama. Ile simu naifahamu. Kamera yake ilikuwa imekufa, nikaitengeneza mimi mwenyewe wiki iliyotangulia, na niliitengeneza vizuri mno, maana kwenye ile video hata nyuzi za vidubu zinaonekana.

Ila juu ya kiwanja kibichi ulezi haupurwi, lazima kikauke kwanza. Majirani wakanywa pombe yao, wakaaga, wakaondoka na fimbo zao, na Mama Kandida akabaki na vikapu vyake amevifunika kwa turubai, anavitazama. Hapo sikuona tena cha kuchekesha. Niliumia, na nilistahili.

Jioni tukashuka kijitoni kunawa, pale pale kwenye kibanda. Palikuwa pametulia, pana joto, hata lile gunia la chooni halikuwa baya. Joakim akaosha mikono yake mpaka ikatakata, akasema, "Bwana Deo, kutojua si kosa. Mimi pia ulezi nilikuwa siujui. Lakini nilikuuliza jana, nikakuuliza tena leo, na kila nilipokuuliza ukanipa jibu ambalo huna. Mwisho ukamtwisha mzee wa watu kosa lako. Siku mtoto wa dada yangu akiugua usiku, Eda akakuuliza dawa ni ipi, utamjibu hivyo hivyo?"

Nikainama, nikaendelea kusugua mavi kwenye kucha zangu.

"Barua yako siirudishi," akasema, "na siijibu. Namba ya Mama Kandida nimeichukua. Siku yeye akiniambia umekuwa mtu, nitaijibu." Kesho yake akapanda basi, akarudi kwao.

Basi tangu hapo kila Jumamosi nafunga kibanda changu cha simu mapema, napanda kilima. Ulezi tumeupura sisi wenyewe, mimi na binti zake, makapi yanawasha shingoni hata uoge mara tatu, nimepepeta, nimebeba magunia, nimekwenda kumpigia magoti Mzee Sebastian na amenisamehe huku anacheka. Mama Kandida ananipa togwa, ananiuliza habari za kazi, lakini Joakim akipiga simu namsikia anamjibu, "Bado, mwanangu. Bado kidogo." Mwanangu! Amemtumia unga wa ulezi, naye amemletea dagaa wa Kirando gunia zima kwa basi, wanasalimiana kila wiki. Wao wameshakuwa ndugu, mimi niliyewakutanisha ndiye bado napimwa.

Na kambi nimeacha. Anayetaka kulala porini aende na mwenye pori, na akiambiwa kushoto ashuke kushoto. Siku hizi mtu akileta simu nisiyoijua namwambia sijui, naona anachukua simu yake anakwenda kwa fundi wa pili, naumia lakini nakaa kimya. Juzi Eda kaja kibandani, kakunja mikono, kaniuliza, "Deo, mwaka huu tunafunga ndoa au hatufungi?" Nilikuwa na majibu matano mazuri mdomoni. Nikayameza yote.

"Sijui, mpenzi," nikamwambia. "Kamuulize Mama Kandida."