Blauzi ya Mkono Mmoja

Trizah alipomwambia Dorah "chukua tu," hakusikia uchungu wowote, na hilo ndilo lililomshangaza baadaye. Cherehani ile alikuwa nayo tangu Lynnet, kifungua mimba wake, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na sasa Lynnet ni mama wa watu huko Homa Bay mjini. Lakini siku hiyo aliitoa kama mtu anavyotoa debe tupu.

Dorah ni mke wa ndugu mdogo wa mumewe, anakaa upande wa Ogwedhi. Kwa Wajaluo wake za ndugu huitana nyieka, neno lile lile la mke mwenza, na hawa wawili waliitana hivyo, au nyar, yaani binti wa, pamoja na jina la kwao, kwa mzaha na kwa mapenzi. Dorah alikuwa amepita Uriri, nyumbani kwa Trizah, kuwasalimu, akaona kikapu cha vitunguu juu ya cherehani.

"Nyieka, hii ni cherehani ama ni kabati?"

"Siku hizi ni kabati."

"Woi, nyar Karachuonyo! Kitu kizima kinalala hivi na mimi naona? Nipe niipeleke Ogwedhi. Siku ya mnada wa ng'ombe watu wanajaa pale, na kuna kijana fundi mzuri hana mashine. Atashona, atanikumbuka kwa kitu kidogo."

"Chukua tu. Uje Jumapili."

Ndivyo ilivyokuwa, maneno mawili matatu, na mambo yakaisha.

Zamani isingeisha hivyo. Trizah alipenda kujishonea blauzi. Hakuwa fundi wa kuweka kibao barabarani. Alijishonea mwenyewe tu, kwa kupenda. Akipata kitambaa alikuwa anakikunja, anakikunjua, anakiweka begani mbele ya kioo, anakaa nacho hata wiki nzima kabla ya kukata. Halafu siku ya Sabato akina mama kanisani wanamwangalia shingoni, maana walijua kola ya Trizah haiwi ile ya jana. Ilikuwa furaha yake ndogo, na alimshukuru Mungu kwa ajili yake kama vile mtu anavyoshukuru kwa mvua.

Kisha kwaya ikamwomba awashonee blauzi za makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka. Trizah ni mtu asiyejua kukataa. Akasema sawa. Kitambaa rangi ya damu ya mzee, kola ya aina moja, mkono wa aina moja, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huyu analalamika imebana, yule anasema yake imekuwa gunia. Mwingine alimrudishia mara tatu, na kumbe ni yeye anayenenepa. Makambi yakafika, kwaya ikaimba, watu wakasema wamependeza. Trizah akaifunika cherehani kwa kitambaa cha plastiki, na tangu siku hiyo blauzi zake akawa ananunua mitumba. Alijaribu kujilazimisha mara moja moja. Anakaa, anatia uzi, mkono unakuwa mzito. Mwisho akajiambia kwamba Mungu hutoa na hutwaa, na hii pia ametwaa.

Basi Alhamisi kabla ya Dorah kuja, akaondoa vitunguu, akapangusa vumbi, akatia mafuta. Akafikiri, si vizuri kumpa mtu kitu hujui kama kinatembea. Afadhali aijaribu. Na kwa kuwa kuna kitenge Lynnet alimletea Krismasi, cha samawati chenye majani madogo ya manjano, akasema ataijaribu kwa blauzi moja, kisha iende zake.

Alijipima kiuno kwa futi, akasoma, akapima tena.

"Eh, Trizah!" akasema peke yake, akacheka.

Siku hiyo alikata. Ijumaa asubuhi akashona ubavu na mabega, cherehani ikaenda vizuri, ikilia ule mlio wake wa kutafuna. Matatizo yalianza kwenye mikono. Mkono wa blauzi una mbele na nyuma, kwa hiyo ukikata, lazima vipande viwili vitazamane, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Kila mtu aliyeshika mkasi anajua. Lakini Trizah alikuwa amekaa sana bila kushona. Alikata mmoja, akauweka juu ya kitambaa, akakata mwingine vile vile bila kuugeuza. Alipokuja kuubandika ule wa pili, ukamwonyesha mgongo.

Mumewe James akaingia kutafuta kofia.

"Mbona umesimama hivyo?"

"Nimekata mikono miwili ya kulia."

James akaitazama blauzi kwa makini, kama mtu anayekagua ndama. "Si mbaya. Utasalimia watu wawili kwa mpigo mmoja."

"Baba Lynnet, toka."

Mwaka ule wa kwaya kosa kama hilo lingemliza. Sasa alikuwa anacheka tu mpaka akakaa chini. Kitambaa kilichobaki hakikutosha mkono mzima, akalazimika kuunga vipande chini ya kiwiko, na ule muungano akauficha kwa ukanda wa manjano aliotoa kwenye gauni kuukuu. Ikamchukua mchana. Katikati akainuka akapika chakula cha Sabato, akapiga pasi shati la James, akarudi. Alipoinua macho, jua lilikuwa linakaribia miwa ya jirani. Mkono mmoja umeshonwa. Wa pili umeshikwa na pini tu.

Mguu wake ulikuwa tayari juu ya pedali. Ni kuzungusha kwapa tu, akafikiri, ni kitu cha dakika chache. Akalitazama jua tena. Akauondoa mguu.

"Mama Lynnet!" James akaita kutoka sebuleni. "Sabato inaingia. Tuimbe."

Akaitundika blauzi mgongoni mwa kiti, mkono mmoja umening'inia, wa pili umejaa pini, akaenda kuimba.

Asubuhi kanisani alivaa blauzi ya mtumba. Alikaa safu yake ya kawaida, akasikiliza somo, akafungua Maandiko mahali walipoambiwa. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamsumbua kifuani. Kwanza alidhani ni njaa. Mhubiri alipofika katikati, Trizah akagundua kwamba kwa muda mrefu alikuwa hasikii neno, alikuwa anawaza kama pale begani ataweka marinda madogo au ataacha laini. Na kama ule mkono una ukanda wa manjano, si na kola nayo ipate ukanda?

Akafumba macho. "Bwana, nisamehe," akaomba kimya kimya. "Niko nyumbani kwako na roho yangu iko kwenye kwapa la blauzi."

Alipofumbua, hakuona kwamba amekemewa. Aliona kitu kingine. Alikuwa na hamu. Ile aliyodhani imetwaliwa ilikuwa imekaa pale pembeni yake kwenye benchi, kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Hakuna mtu aliyekuwa anaingoja blauzi ile. Hakuna wa kuijaribu na kukunja uso. Ilikuwa yake tu, na kule kukatazwa kuigusa mpaka jua lizame kulimfanya aitake zaidi.

Ndipo alipomkumbuka Dorah, na furaha ikamshuka yote. Kesho ni Jumapili.

Mchana, baada ya chakula, walikaa barazani yeye na James.

"Baba Lynnet, mtu akiahidi kitu, halafu moyo wake urudi?"

"Urudi wapi?"

"Kwa cherehani."

James akanyoosha miguu. Yeye si mtu wa maneno ya haraka siku ya Sabato. "Umeahidi kwa mdomo wako."

"Najua. Ndiyo sababu nauliza."

"Basi mwambie ukweli, umwombe akuachilie. Akikataa, atachukua. Lakini usimpe ukiwa umenuna, maana atabeba cherehani pamoja na manung'uniko yako, na hayo fundi wake hatajua kuyashona."

Jioni walifunga Sabato kwa wimbo na maombi. James aliombea watoto, wajukuu, wagonjwa, wasafiri wa ziwani, mvua, serikali, na kanisa la ulimwengu mzima. Trizah alifungua jicho moja. Nje kulikuwa kumeanza giza.

"Amina," James akasema hatimaye.

"Amina. Leo umemwombea kila mtu isipokuwa mke wako aliye na haraka."

Akawasha taa, akakaa, akashona lile kwapa polepole, akachomoa pini moja moja kabla sindano haijazifikia. Jikoni hapakuwa na moto.

"Leo tunakula mkono wa blauzi?" James akauliza kutoka sebuleni.

"Unga uko kwenye mtungi. Bandika maji."

Na kwa kweli akabandika.

Jumapili Dorah alifika mapema, na kijana wa bodaboda mwenye kamba ya mpira ya kufungia mzigo. Alimkuta Trizah mlangoni amevaa blauzi mpya, mbele imefungwa kwa pini kwa sababu vifungo vilikuwa bado.

"Uuui! Nyieka, hii umenunua wapi?"

"Nimeshona."

Dorah akaingia, akaiona cherehani haina plastiki, uzi wa samawati uko kwenye sindano. Tabasamu likapungua.

"Usiniambie."

"Keti kwanza, nyar Sakwa."

"Nikiketi utaniambia. Afadhali nisimame."

"Dorah, nisamehe. Nilikuahidi na sikukudanganya, siku ile nilikuwa sina haja nayo. Sasa nakuomba uniachilie ile ahadi. Ukikataa, chukua, mimi sitanung'unika, na nyuma yako sitasema kitu."

Dorah akaketi. "Na yule kijana? Nimeshamwambia. Ameshapanga mahali pa kuiweka."

"Siku ya mnada nitakuja Ogwedhi nimwombe msamaha mwenyewe."

"Wewe ni mtu wa ndiyo miaka yote. Hata mbuzi akikuomba shamba unampa. Siku unaanza kusema hapana, unaanza na mimi?"

"Nimeanza na wewe kwa sababu wewe hutanichukia."

Dorah alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda, akacheka kidogo huku ametazama ukuta. Chai ikaletwa. Nje kijana wa bodaboda akapiga honi.

"Mama! Mzigo uko wapi?"

"Mzigo umekataa kupanda!" Dorah akajibu. "Ngoja ninywe chai."

Akanywa, na alipokuwa anakunywa macho yake hayakutoka kwenye ule ukanda wa manjano. Mwisho akaweka kikombe chini.

"Haya. Nimekuachilia. Lakini siwezi kurudi mikono mitupu. Nishonee moja kama hii, niivae makambi."

Neno "sawa" likapanda mpaka kwenye meno ya Trizah. Alilijua vizuri, ni neno alilosema kwa kwaya. Nyuma ya neno hilo aliwaona jirani za Dorah, na jirani za jirani, na vitambaa vyao vimekunjwa kwenye mifuko. Akatazama mikono yake.

"Hapana, nyieka," akasema, na sauti ilikuwa ya upole ile ile. "Kushonea watu nimeacha. Lakini ukija na kitambaa, nitakufundisha kukata, ushone yako hapa hapa."

"Mimi? Na hii mikono ya kuvuta kamba za ng'ombe?"

"Hiyo hiyo."

"Nitaharibu kitambaa."

"Utaharibu. Mimi juzi nilikata mikono miwili ya kulia."

Dorah akamtazama kuona kama anatania. Akasimama, akajifunga leso vizuri, akatoka bila kusema anakubali wala anakataa. Akapanda pikipiki nyuma ya yule kijana, kamba ya mpira imelegea bila kazi, na pikipiki ikaanza kuondoka. Mbele kidogo ikasimama. Dorah akageuza kichwa.

"Mita ngapi?"

"Mbili!"

"Nyar Karachuonyo, umeniangalia vizuri kweli?"

"Basi lete mbili na nusu!"

Pikipiki ikaenda zake. Trizah akarudi ndani, akamwaga kopo la vifungo mezani, akaanza kuvichagua.